Mkuu wa Kaya Aliyekuwa Bado Ananyonya

Vijana wangu, nilishika mnyororo wa kupimia ardhi tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi mpaka zikawa nyeupe, kwa hiyo nivumilieni nikisema kwa ukali. Msidhani ni uzee. Juzi hapa Ipuli, kwenye matanga ya jirani yangu, kijana mmoja msomi, viatu vinang'aa, alituhubiria kwamba watu wa vijijini ni maskini kwa sababu ya fikra zao. Wavivu, wamezoea shida, hawataki kubadilika. Watu wakawa wanaitikia kwa vichwa wakimkubalia. Mimi nikaweka kikombe cha kahawa chini nikaondoka, maana ningebaki ningemharibia mwenye msiba shughuli yake.

Umaskini, nyie watoto, hauoti wenyewe kama magugu. Una mafundi wake. Nimewaona wakiutengeneza mchana kweupe, watu wazima wenye heshima zao, wamevaa mashati yaliyopigwa pasi, na wengi wao hata hawakuwa na nia mbaya. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Mtu mwenye nia mbaya unaweza kumkimbia.

Ngoja kwanza niwaeleze kazi yenyewe, maana ninyi siku hizi mnapima kiwanja kwa simu mkiwa mmekaa. Sisi tulikuwa na mnyororo kweli, wa chuma, vipande virefu vimeunganishwa kwa pete, na vishikio vya shaba huku na huku. Mmoja anatangulia, mmoja anabaki nyuma. Wa nyuma akisema "Shika", wa mbele anavuta, anachomeka kijiti cha chuma ardhini, wanasonga. Mnayaona rahisi. Lakini mnyororo ukivutwa kila siku, pete zinafunguka kidogo kidogo, unarefuka, na mwenye kiwanja anapata zaidi ya haki yake. Udongo ukikwama kwenye pete unafupika, na jirani yake anapunjwa. Kwa hiyo kila tulipoanza safari tuliulinganisha kwanza na alama zilizochorwa kwenye baraza ya saruji pale ofisini. Asiyefanya hivyo alikuwa anagawa dhuluma bila kujua.

Aliyenifundisha hayo ni Mzee Saidi, Mwislamu wa Ng'ambo, hapa hapa mjini Tabora. Asubuhi mpima, jioni mshona kofia. Alikuwa na vidole vilivyotobolewa na sindano na mdomo usiomwogopa mtu. Siku ya kwanza kutembea naye porini, nilitandaza mnyororo kwenye uwanja wa mtu kabla sijasalimia. Akanishika sikio, mimi mtu mzima mwenye mke.

"Hapa ni kwa watu," akasema. "Rudi pale njiani, piga hodi, sema shikamoo, ngoja uitikiwe marahaba, uulizwe habari za kwenu. Ukishakaribishwa ndipo ukunjue hilo lichuma lako."

Nikarudi njiani nikapiga hodi kwenye nyumba ambayo nilikuwa nimesimama uani kwake. Wenyewe wakacheka mpaka wakakaa chini. Ila nilifundishika.

Vigingi navyo vilitupa kazi. Tulikuwa tunachonga miti iliyonyooka, tunaimenya magome, tunapiga pembe nne za kila kiwanja. Kijiji kimoja, tumemaliza kupiga safu nzima, tunarudi baada ya siku chache, hakuna kigingi hata cha dawa. Mkubwa wetu, mpima aliyesomea na kuletwa kutoka Dar es Salaam, akabadilika rangi. Tulimwita Bwana Darubini kwa sababu alipenda kutazama watu kupitia kile chombo chake cha miguu mitatu kuliko kuwatazama kwa macho. Akasema hawa ni maadui wa maendeleo, hii ni hujuma, aitwe askari. Mzee Saidi akainua pua, akafuata harufu ya moshi mpaka jikoni kwa mama mmoja, akakuta ugali unasongwa, na chini ya sufuria vigingi vyetu vinawaka vizuri kabisa.

"Mama, hivi si vigingi vya serikali?" akamwuliza.

"Ee, baba," yule mama akajibu bila wasiwasi. "Mmetuhamisha huku ambako hakuna kuni, tukaona mmetuletea zilizochongwa kabisa. Tukasema hawa watu wana huruma."

Toka siku ile tukachonga vigingi vya mti ambao moshi wake unachoma macho, na havikuibwa tena. Tuliicheka hadithi hiyo miaka mingi. Mpaka leo sijasikia mtu hata mmoja wa ofisini akiuliza kwa nini kijiji kilipimwa mahali pasipo na kuni, wala nani atakayezifuata huko zilikobaki.

Sasa nifike kwenye linaloniuma. Ulikuwa wakati wa operesheni, watu wanahamishwa kutoka walikotawanyika na kukusanywa kwenye vijiji vya ujamaa. Msinisingizie siasa. Nia ya watu kukaa pamoja wapate shule, zahanati na maji, mimi niliipenda, na naipenda bado. Majukwaani walisema binadamu wote ni sawa, tuitane ndugu, na mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Nawasimulia kilichotokea kati ya jukwaa na kigingi.

Tulipewa kijiji cha kupima upande wa Uyui, mbele ya Isikizya, kwenye barabara iendayo Nzega. Amri ilikuwa nyumba zipangwe mstari kando ya barabara ili wageni wakipita wazione. Barabara yenyewe ni ile ile ya misafara ya zamani ya watumwa. Mzee Saidi hakuipenda hata kidogo. Bibi yake mzaa baba aliletwa kwa njia hiyo akiwa mtoto mdogo, amefungwa pamoja na wengine, wala hakupata kujua kwao ni wapi. "Mtu asiyejua kwao hapewi shamba," aliniambia tukiwa tumekaa tunafuta udongo kwenye pete. "Ndiyo maana mimi nashona kofia. Unafikiri nilizaliwa nazipenda?"

Kabla ya kupima, tulizungukia makazi ya zamani kuwatangazia watu siku ya kuhama. Ndivyo tulivyofika kwa Nyamizi. Watu walimwita Mama Kalunde, kwa jina la binti yake mkubwa aliyekuwa anasoma shule ya msingi. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, akamwachia Kalunde na mtoto wa kiume, Mihayo, ambaye hata kutembea alikuwa anajifunza.

Nataka mlione vizuri boma lile. Uwanja umefagiwa. Nyuma ya nyumba, matuta ya viazi na karanga yamepangwa vizuri kuliko mistari ya Bwana Darubini. Kando, kihenge cha nafaka kimejaa, na kihenge hicho kilikuwa chake yeye. Kwa Wanyamwezi wa kule, mke alikuwa na shamba lake na kihenge chake, na mume akitaka kuchota aliomba. Majirani wakikosa mbegu walikuja kwake. Alitukaribisha, akatuletea michembe, vile vipande vya viazi vilivyokaushwa, imechemshwa na karanga za kusaga, tukala mpaka Mzee Saidi akalegeza mkanda. Mama huyu hakuwa tajiri. Lakini mtu angemwita maskini, hata mbwa wake angecheka.

Siku ya kugawa viwanja ikafika. Utaratibu ulikuwa huu: tukishapiga vigingi vinne, mwenyekiti wa kijiji anaita mkuu wa kaya, naye anakwenda kusimama katikati. Akishasimama, watu wote wameona, kiwanja ni chake. Na shamba alilopewa kule nyuma linafuata kiwanja hicho. Asiye na pa kusimama hana pa kulima.

Safu ikasonga. Maganga, kaka yake marehemu, akaitwa, akasimama kwenye kiwanja chake. Cha pembeni yake kikawa hakina mtu. Nyamizi akatoka kwenye kundi, Mihayo mgongoni, akaingia akasimama katikati.

"Mama Kalunde, toka hapo," mwenyekiti akasema, tena kwa upole. "Wewe uko kwa Maganga. Shemeji yako amekwisha kupata."

"Kwa Maganga yuko mke wa Maganga," akajibu.

"Maganga atakurithi, utakuwa wa nyumba ya pili. Ndivyo tulivyo, hukuanza wewe. Kiwanja cha mwanamke ni pale alipo mumewe."

"Mume wangu mlimzika wenyewe, na wewe mwenyekiti ulishika koleo," Nyamizi akasema. "Basi twendeni makaburini mkanipimie kule."

Watu waliangua kicheko. Mzee Saidi aliachia mnyororo ukaanguka. Mwenyekiti akakunja uso, akamgeukia Bwana Darubini amsaidie. Na hapa nataka niwe mwadilifu kwa yule bwana, kwa kuwa alisema neno moja la haki. Alisema maelekezo aliyonayo yanataja mkuu wa kaya, hayasemi mwanamume.

"Ndugu, wewe umetoka Dar es Salaam," mwenyekiti akamwambia. "Huku kwetu ukisema mkuu wa kaya umeshasema mwanamume."

Bwana Darubini akatazama jua, akatazama safu iliyobaki, akakumbuka kwamba wageni wa mkoa walikuwa wanakuja mwisho wa juma. Akainama kwenye chombo chake. Vijana, hilo ndilo nililoliona mara nyingi kuliko ukatili wenyewe: mtu anayejua haki iko wapi, lakini ana haraka.

Nyamizi alifungua kanga, akamshusha Mihayo, akamweka katikati ya kiwanja, akarudi nyuma mpaka nje ya vigingi. Mtoto akayumba, akakaa chini, akaangalia watu, akaanza kulia akitaka ziwa.

"Huyu ni mwanamume," mama yake akasema. "Au na yeye mna neno?"

Wallahi nawaambia, wale wazee walikaa kando wakashauriana. Watu wazima wenye mvi zao walijadiliana kuhusu kitoto kilichojikojolea. Wakamwuliza Maganga. Maganga akasema ni kweli, ni damu ya ndugu yake, ni mwanamume wa ukoo. Basi mwenyekiti akasimama, akaita kwa sauti jina la Mihayo kama mkuu wa kaya, na watu wakapiga makofi. Mama aliyelisha nusu ya kitongoji hakuweza kumiliki kiwanja. Mtoto asiyeweza kujifuta kamasi aliweza.

Nami nilicheka pamoja na wengine, nikaona mama kawazidi akili. Mzee Saidi hakucheka.

"Kimepewa mtu ambaye anaweza kuondoka kwa homa ya siku mbili," akaniambia. "Kunja mnyororo, twende."

Mwaka ule Nyamizi alifanya kazi mpaka watu wakamhurumia. Alijenga, akakandika mwenyewe yeye na Kalunde. Alipiga matuta kwenye kiwanja chote, hakuacha hata nafasi ya kuku kuparua. Tulipopita kuelekea kazi nyingine tulikuta mahindi yamesimama, chini yake maboga, pembeni karanga, na kihenge kipya kinasukwa. Likawa shamba la kuonyeshea wageni. Mwenyekiti aliwaleta, akajisifia jinsi kijiji chake kinavyolima. Mgeni mmoja akauliza mkulima huyu hodari yuko wapi apewe mkono. Mwenyekiti akasita, akasema mwenyewe bado mdogo, amelala. Nyamizi alikuwa amesimama palepale na jembe mkononi. Hakuna aliyempa mkono.

Kisha ikaja surua. Zamani nyumba zilikuwa mbali mbali, na ugonjwa ulipoingia kwa mtu mara nyingi uliishia kwake. Sasa tulikuwa tumewapanga watu mstari mmoja, ukuta kwa ukuta, na zahanati iliyoahidiwa ilikuwa bado ni msingi wa mawe. Ugonjwa ulitembea kwenye safu yetu nyumba kwa nyumba. Watoto walizikwa wengi. Mihayo alikuwa mmoja wao.

Ukipita leo ukauliza kwa nini Kalunde aliacha shule, utaambiwa mama yake alimtoa, hakujua thamani ya elimu. Nimesikia kwa masikio yangu. Ukiuliza kwa nini Nyamizi alihamia mjini, utaambiwa alikimbia kulima. Nilimwona hapa Tabora miaka mingi baadaye, anatwanga mahindi ya watu kwa ujira wa pumba na visenti, mikono ile ile. Mwenye nyumba aliyemtuma alikuwa anaeleza wageni wake barazani kwamba hawa wakikuta mji basi shamba hawataki tena kuliona. Sikujizuia. Nilimwambia bwana yule mambo ambayo siwezi kuyarudia hapa, mke wangu akanivuta shati.

Sasa nirudi kijijini, muda mfupi baada ya msiba. Tuliitwa tukarekebishe mipaka. Sikujua ni mipaka gani mpaka tuliposhuka kwenye gari na kumkuta mwenyekiti amesimama baina ya kiwanja cha Maganga na kile cha marehemu Mihayo. Akasema mkuu wa kaya amefariki, kaya haipo tena, kiwanja kinarudi kwa ukoo. Tung'oe vigingi vya kati, tupime upya, viwe kimoja. Mahindi yalikuwa yanakaribia kukomaa.

Mzee Saidi aliuliza swali moja tu. "Aliyelima ni nani?"

"Mzee, sisi hatukukuita kuuliza," mwenyekiti akasema.

Mzee Saidi akaweka kishikio cha shaba chini, taratibu, akachukua mfuko wake akaenda kukaa kivulini mwa gari. Kwa kosa hilo aliondolewa kwenye msafara wetu, akarudi kwenye kofia zake, na sikupata tena mwalimu kama yeye. Ilibidi mwenyekiti mwenyewe aje kushika upande wa pili wa mnyororo. Hakujua kuvuta. Nilimsahihisha mara kadhaa.

Nyamizi alitoka ndani. Alikuwa amenyoa nywele za msiba. Alimwendea mwenyekiti, si kwa ugomvi, akamwuliza kama mtu anayetaka kujua bei ya chumvi.

"Nikizaa mtoto mwingine wa kiume, mtanirudishia?"

Mwenyekiti akafikiri. Nawaapia alifikiri kweli, alitaka amjibu kwa haki. "Akiwa wa ukoo huu, ndiyo," akasema.

Wote tukajua maana yake. Maganga alikuwa amesimama pale, akatazama chini. Nyamizi akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani, akatoka na jembe, sufuria na mzigo wa nguo. Kalunde akajitwika mkeka. Hawakuaga. Waliishika ile barabara kuelekea Tabora, na mimi nikachuchumaa nikang'oa kigingi. Kilitoka kwa urahisi, kwa kuwa udongo alikuwa ameulainisha mwenyewe kwa kulima.

Tulipomaliza, Maganga alimwita mkewe aanze kupalilia upande ule, majani yalikuwa yameanza kuingia siku za msiba. Mama yule akaja na jembe lake. Nilikuwa nakunja mnyororo pembeni, nikamwona analima huku machozi yanamdondoka kwenye matuta. Nikafikiri anamlilia Nyamizi. Nikataka kumpoza, nikamwambia asilie sana, hata hivyo shamba limeongezeka, sasa ni lenu.

Akanyoosha mgongo, akanitazama kama mtu ambaye nimemtania mahali pabaya.

"Baba," akasema, "mimi nimezaa wasichana watupu."

Akainama, akaendelea kupalilia.